Ndiyo Moja Juu ya Kioo cha Zinki

Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Ninastaafu kazi, na nina miaka kumi na tisa. Mama akisikia neno hilo anauliza kama pensheni nitaletewa nyumbani Uru au nitaifuata mjini. Lakini nimefanya kazi moja kwa miaka mitatu, nimeungua vidole saba kati ya kumi, na mwezi ujao naenda chuo cha ufundi Arusha. Sahani ya chuma, mita, meza na madaftari vinahamia kwenye maabara ya shule yenu, na Mwalimu Harbans amesema atakuwa anapanda kila Jumamosi kuwaelekeza. Yeye atawafundisha namna ya kufanya. Mimi nimejipa kazi ya kuwaandikia namna ya kukosea, maana katika hilo nina uzoefu kumzidi.

Mengi nayatoa kwenye daftari langu la siri. Naliandika tangu kidato cha pili kwa sababu kusema mbele za watu kunanitoa jasho. Aibu yangu si ile ya kupendeza ya wasichana wa kwenye hadithi. Ni ya mtu anayepimishwa viatu vya mitumba vya namba ndogo, akaulizwa vinatosha, akajibu vinatosha, akavivaa mwaka mzima. Na aibu hiyo hiyo nusura imuumbue mtu aliyenifundisha kazi, mbele ya mgeni aliyemwita mwenyewe kutoka Dar es Salaam. Nitafika huko, mkinivumilia.

Kwanza kazi yenyewe. Karani wa parokia aliyeniandikia barua ya utambulisho alikwama hapa, akaandika tu "anatengeneza vioo". Tunachukua kioo cha dirisha cha kawaida. Juu yake tunaweka tabaka la oksaidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, jembamba kiasi kwamba ukipitisha kidole hulijui. Ndani ya oksaidi hiyo tunatia chembe chache za kitu kingine, kama unavyotia chumvi kwenye mtori, na chembe hizo zinabadilisha namna inavyopitisha umeme. Kuna oksaidi ambayo umeme wake unabebwa na elektroni zilizozidi. Hiyo tunaiita n. Kuna ambayo umeme wake unabebwa na nafasi zilizoachwa wazi na elektroni. Hiyo ni p. Ukilaza p juu ya n, pale zinapokutana panakuwa kama mlango. Umeme unapita ukienda, ukirudi unazuiwa. Diodi ya redio ina mlango wa namna hiyo, ila huwezi kuona kupitia diodi. Yetu inatakiwa uishike mbele ya uso na bado uone mlima.

Mwalimu Harbans ni Singasinga mzaliwa wa Moshi. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, kustaafu kwa kweli si kama kwangu, akarudi kwenye karakana ya vioo na fremu ya familia yake pale mjini. Chumba cha nyuma akakigeuza maabara. Alitaka jambo moja tu kabla magoti yake hayajamshinda: mlango wa namna hiyo, wa kuona hadi upande wa pili, uliotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana Moshi, na mtu anayejua aupime na kusema ni kweli. Deo, mkata vioo wa karakana, hakuelewa kamwe.

"Sasa Mwalimu, kioo hicho kitawasha nini?"

"Hakitawasha kitu."

"Basi mimi naendelea na madirisha ya watu."

Mimi niliingia kwa njia ya benchi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na divisheni ya tatu mkononi, shangazi akanituma kuchukua fremu ya picha ya kipaimara. Nilikaa kwenye benchi la karakana asubuhi nzima kwa sababu niliona haya kumkumbusha Deo kwamba nipo. Mwalimu alipita mara nne. Mara ya tano akasema mtu anayeweza kukaa hivyo bila kuguna anafaa kupuliza dawa. Ndivyo nilivyoajiriwa: kwa kipaji cha kusahaulika.

Kupuliza kwenyewe ni hivi. Dawa ni chumvi ya zinki iliyoyeyushwa kwenye spiriti na maji ya mvua, na matone ya siki ili isigande. Tunaipuliza kwa chupa ya saluni, ile ya kulowanisha nywele, juu ya kioo kilicholala kwenye sahani ya chuma yenye moto. Tone likigusa kioo linakauka na kuacha oksaidi. Pulizeni kidogo, pumzikeni, pulizeni tena. Mimi siku ya kwanza nilipuliza kama ninayemwagilia mchicha. Kioo kikapasuka vipande vitatu, na kimoja kikaruka kikapita mlangoni. Deo alikiokota.

"Profesa," akasema, "sisi huku mbele tunakata vioo kwa almasi. Ninyi mnatumia maji. Tufundisheni."

Jina la Profesa halijaniacha mpaka leo.

Moto lazima ujulikane, na kipimajoto cha moto mkali hatukuwa nacho. Mwalimu alinionyesha mbinu ambayo naomba msiisahau hata mkisahau jina langu. Wekeni pembeni ya sahani punje mbili: moja ya risasi kutoka betri kuukuu ya gari, moja ya zinki iliyokatwa kwenye gamba la betri ya redio. Risasi ikiyeyuka na zinki ikiwa bado ngumu, moto unafaa. Zinki nayo ikiyeyuka, mmepitiliza, zimeni. Tabaka zuri linaonyesha rangi kama za mafuta ya gari kwenye dimbwi. Likiwa jeupe kama maziwa, moto ulikuwa mdogo au mkono wako ulikuwa mzito. Kwangu ilikuwa mkono.

Madirisha yawe wazi, na puani fungeni kitambaa. Na tafadhali, kwenye sahani ile msiweke chakula. Nasema hivyo kwa sababu kwa wiki mbili vioo vyetu vilitoka na madoa, na Mwalimu akawa na hakika ni vumbi la magari yanayoshuka kutoka Kibosho. Aliziba dirisha kwa magazeti. Alihamisha meza. Akaanza kuja mapema kabla ya magari. Mimi nilikuwa najua, kwa sababu kila adhuhuri akienda kula nilikuwa nachoma ndizi mbivu juu ya sahani. Sukari ya ndizi ilikuwa inaungua na kupanda kwenye kioo. Nikaacha kimyakimya, madoa yakaisha, na Mwalimu akawaambia watu kwamba magazeti yamefanya kazi. Yako pale dirishani hadi leo. Hili analisoma kwa mara ya kwanza hapa, pamoja nanyi. Nisamehe, Mwalimu.

Mnaona tayari tabia yangu. Sasa niwaeleze ilivyokua.

Zinki kwa asili yake ni n. Mwalimu alitaka kuigeuza, apate zinki ya p pia, ili pande zote mbili za mlango ziwe za metali moja. Tulichanganya amonia na siki, tukatia kwenye dawa, tukitumaini naitrojeni itaingia na kuigeuza. Kila kioo kikipoa nilikipima kwa sindano mbili. Moja ya baridi. Ya pili, iliyofungwa kwenye waya mwekundu wa mita, inapashwa moto kwa chuma cha kulehemia cha mafundi redio. Mita yetu ina sifuri katikati. Mshale ukilala kulia, tabaka ni n. Ukilala kushoto, ni p. Ni kipimo cha dakika moja na hakihitaji akili nyingi, ndiyo maana nilipewa mimi.

Kwa wiki kumi na moja mshale ulilala kulia. Kila mara Mwalimu aliuliza, "Imegeuka?" na kila mara nilitikisa kichwa. Kutikisa kichwa naweza. Ni maneno yananishinda.

Siku ile Deo alikuwa Chekereni akifunga madirisha ya mtu, kwa hiyo Mwalimu alichemsha chai mwenyewe. Akaja nayo, kikombe chake na changu, anatembea taratibu kwa ajili ya magoti, macho kwenye vikombe asimwage. Sindano yangu ilikuwa imeteleza kidogo, mshale ukaruka kushoto, kisha ukarudi kulia ukatulia. Hakuuona. Hakuona hata kichwa changu, kwa sababu alikuwa anatazama chai.

"Imegeuka?"

Mzee mwenye umri wa kumzidi babu yangu ameniletea chai kwa mikono yake. Nitikise kichwa, hanitazami. Niseme hapana, kinywa kikakataa.

"Ndiyo, Mwalimu."

Aliweka vikombe dirishani. Alikaa. Nikafikiri ameujua uongo wangu. Kisha akanawa mikono kama anayekwenda kula, akafungua daftari la maabara, akaandika kwa kalamu ya wino: Kioo namba 21, imegeuka p. Mpimaji: Ansila. Usiku huo mimi niliandika kwenye daftari langu: "Leo nimesema uongo wenye herufi tano. Kesho nitarekebisha." Chini yake kuna kesho nyingi.

Asubuhi alikuwa ameshaandika barua. Mwanafunzi wake wa zamani, Daktari Rehema, anafundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Jibu likaja: atapita Moshi baada ya mitihani, angependa kuiona zinki hiyo iliyogeuka, kwa sababu wengi wamejaribu. Mwalimu aliisoma barua mbele ya Deo, akairudia. Akamwagiza fundi amshonee suruali mpya.

Nilifanya nini? Nilijaribu kuufanya uongo uwe kweli. Namba 22 hadi 31 ni jasho langu. Niliongeza amonia, nikapunguza, nikapasha vioo mara mbili. Zote n. Siku moja nilikaa na waya wa mita mikononi, mwekundu na mweusi, nikafikiria kuzibadilisha nafasi tu. Mshale ungelala kushoto, na hakuna ambaye angejua mpaka mgeni afike. Nilifikiria hilo kwa muda wa kutosha chuma cha kulehemia kupoa. Siwafichi.

Jumapili nikapanda nyumbani na kumwambia mama. Mama hajui zinki wala n, lakini alielewa haraka kuliko mimi.

"Umemdanganya mtu mzima, akawaita wageni."

"Sikudanganya. Nilisema ndiyo."

"Ansila."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ndiyo yako itakuua." Akachukua kisu, akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, ambako isale imepandwa, ile yenye majani marefu. Akakata jani moja, akalifunga fundo. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, na ukilipeleka kwa moyo hawezi kukukatalia msamaha.

"Lakini yeye ni Singasinga," nikasema. "Atajua maana yake?"

"Amezaliwa wapi?"

"Moshi."

"Basi atajua."

Alijua. Jumatatu nililiweka jani juu ya meza, kati ya mita na chupa ya saluni, nikasimama. Alilitazama, akanitazama.

"Nani kakutuma?"

"Ni langu mwenyewe, Mwalimu."

"Umefanya nini?"

Nilimwambia, nikitazama sakafu. Chai, sindano, mshale. Ilichukua muda kwa sababu nilikuwa nasema neno moja, nameza mate, nasema la pili. Alipoelewa uso wake uliporomoka, na hicho ndicho kitu pekee katika miaka mitatu ambacho sitaki kukiandika vizuri.

"Huu ni ujanja," akasema hatimaye. "Umeleta jani ili nisiweze kukasirika."

Akaligeuza jani.

"Nimekusamehe. Sina njia, jani liko mezani. Lakini nitakasirika mpaka Ijumaa."

Akakasirika mpaka Ijumaa, kweli. Jumanne alifungua daftari kwenye namba 21. Nilidhani atachana ukurasa. Alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno yake, ili bado yasomeke, akanisukumia kalamu. "Andika chini yake ulichokiona, kwa mkono wako. Hapa hatufuti." Nikaandika: Mshale ulilala kulia. Ni n. Nilisema ndiyo kwa sababu ya haya. Ansila. Akasoma, akasema neno "haya" lingeweza kuachwa, lakini kwa kuwa limeshaandikwa, likae.

Ijumaa jioni akaanza kuongea tena, na alichosema ni hiki: "Zinki haitaki kugeuka. Basi ibaki n. Tutafute mwingine awe p." Barua ya kumzuia mgeni hakuandika. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Mwingine huyo ni nikeli, ikitiwa chembe za lithiamu. Nikeli tuliipata kwa wale mafundi wanaong'arisha bampa za magari na vikombe vya michezo. Wana chumvi za kijani kwenye madumu. Zipo za aina mbili, ombeni ile yenye klorini, nyingine inaacha takataka kwenye kioo. Lithiamu ndiyo iliyonitoa jasho. Mwalimu alijua iko kwenye vidonge vya hospitali, vile vya watu ambao akili imewazidi. Rafiki yake daktari akaandika karatasi kwamba ni kwa matumizi ya maabara, na mimi nikatumwa duka la dawa. Foleni ilikuwa ndefu, na nyuma yangu alisimama mama mmoja jirani yetu wa Uru.

Mwenye duka alisoma karatasi bila kufika mwisho. "Hivi ni vya nani?"

"Vya Mwalimu."

"Mwalimu anaumwa?"

"Hapana. Tunavipuliza kwenye kioo."

Akanitazama kwa upole mkubwa. "Vya kwako, basi. Unakula vizuri lakini? Unalala?"

Nikasema ndiyo, nalala. Mnaona, ugonjwa wangu wa ndiyo ulikuwa bado upo. Kabla jua halijazama mama yangu alishapewa pole na watu watatu.

Sasa tulilaza nikeli juu ya zinki. Namba 32 hadi 35 ziliharibika: mbili kwa mgao wa umeme, mbili kwa mkono wangu. 36 na 37 zikatoka na rangi hafifu ya chai iliyochujwa mara ya pili, lakini gazeti ulilisoma kupitia kwazo bila shida. Tabaka la nikeli tulilipima peke yake, kwenye ukingo usio na zinki, mshale ukalala kushoto. Nilimwita Mwalimu aje autazame mwenyewe, nikamwita Deo naye autazame. Deo akasema anaona mshale, na kwamba wiki hii ameona mambo mengi.

Daktari Rehema alifika siku ya mawingu, mwanamke mfupi mwenye mkoba mzito. "Shikamoo Mwalimu," akapiga goti kidogo kama bado yuko kidato cha tatu. Mwalimu alikuwa na suruali mpya na kilemba cha bluu ambacho sijawahi kukiona. Aliketishwa kwenye kiti karibu na mlango kwa sababu magoti yalikuwa mabaya, kwa hiyo mita hakuweza kuiona. Mgeni akaanza na daftari. Akafunua, akafunua, akasimama kwenye ule mstari wa namba 21.

"Ansila ni nani?"

"Ni huyo anayejificha nyuma ya kabati, Daktari," Deo akasema kutoka mlangoni.

Nikatoka.

"Juu imeandikwa p, chini n. Ni ipi?"

"Ya chini."

"Na ya juu?"

"Ya juu niliisema kwa sababu alikuwa ameshika chai."

Hakucheka. Alimgeukia Mwalimu. "Leo atakayepima ni nani?"

"Yeye."

"Baada ya hili?"

"Kupima alipima sawa," Mwalimu akasema. "Kusema ndiko kulimshinda. Tumuone."

Niliunganisha namba 36. Betri, mita, kioo. Miguso, pale waya zinaposhika kioo, ni unga wa penseli uliokorogwa na gundi, nami niliukwangua kidogo. Umeme kwenda. Umeme kurudi. Nyuma yangu Deo alikuwa ameacha kukata. Nilimsikia Mwalimu akisogea kwenye kiti.

"Imepita upande mmoja?"

Nilijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya wiki ya kumi na moja, na zaidi ya hapo, ya miaka yote kabla sijakaa kwenye benchi. Mgeni alikuwa ananitazama mimi, si mita.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Inapita kote sawasawa. Hakuna mlango."

Deo akaweka chini rula.

"Asante," Mwalimu akasema. "Lete inayofuata."

Namba 37 niliiunganisha polepole. Kwenda, mshale uliruka. Kurudi, ulijikokota na kusimama karibu na sifuri. Nikageuza betri mara ya pili, mara ya tatu. Nikasubiri kuulizwa, Mwalimu hakuuliza. Ikabidi niseme mwenyewe, bila kuulizwa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kazini hata siku moja.

"Hii ina mlango. Kwenda inapita. Kurudi inazuia, ila inavuja."

"Inavuja sana?"

"Kuliko diodi ya redio, sana. Lakini inazuia."

Daktari Rehema akanisogeza kwa bega, akapima kwa mita yake, akaandika, akapima tena. Kisha akakishika kioo juu kuelekea mlangoni. Mawingu yalikuwa yamefunika mlima, kwa hiyo kupitia kioo aliona tu barabara, na Mwalimu kwenye kiti.

"Ni kama alivyosema huyu binti," akasema. "Na uvujaji ni kama alivyosema."

Mwalimu alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya kilemba kipya, muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Halafu akamwambia Deo akikate kioo nusu kwa nusu, kipande kimoja kiende Dar. Deo alikata bila utani. Ni mara pekee nilipomwona hivyo, na nilifurahi kidogo.

Nusu ya pili iko kwenye droo ya juu ya meza mnayoipokea, imefungwa kwa pamba, imeandikwa 37. Katika kurasa hizi nimewaambia ina mlango. Ninyi mmenisoma hadi hapa, mnajua ni nani anayewaambia. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hamjapuliza chochote, itoeni, unganisheni betri, mpime wenyewe. Mkikuta imekufa, andikeni hivyo daftarini, chini ya jina langu.